Kabla ya Kupima Jeni za Ngano Isiyoota Sukeni: Mambo ya Kuzingatia

Mvua ikinyesha ngano ikiwa imekomaa na haijavunwa, punje huota zikiwa bado sukeni. Kimeng'enya cha alfa-amilesi huanza kukata wanga, na unga wake hutoa mkate unaoganda kwenye kisu. Kinga kubwa ni usingizi wa mbegu, yaani hali ya punje hai kutoota hata ikipata maji, unaoongozwa na jeni. Shida ni kwamba punje kavu hupoteza usingizi kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo tarehe ya kuvuna ndiyo inayoamua kama matokeo yako yana maana.

Usivune shamba zima siku moja. Nasaba, yaani kizazi cha mimea ya ukoo mmoja unayoipima, iliyokomaa siku 10 mapema itakuwa imeanza kuamka, nawe utadhani umepata jeni ya kuota, kumbe ni jeni ya kuwahi kukomaa. Funga uzi wa rangi kwenye masuke siku yanapochanua, kisha uyakate pale shingo ya suke, yaani bua lililo chini yake, inapopoteza ukijani. Andika tarehe ya kila nasaba. Rekodi pia halijoto ya wiki za kujaa punje: baridi huongeza usingizi, joto huupunguza. Ndiyo maana msimu mmoja hautoshi.

Kausha masuke kivulini, kila nasaba kwa idadi ileile ya siku, kisha uyahifadhi kwenye friza ya nyuzi -20 ili usingizi ubaki ulivyo. Yakiingia mabichi, maji yaliyo ndani ya punje huganda na kuua kiini. Pukuchua kwa mkono. Mashine hupasua ganda, na punje iliyopasuka huota upesi hata ikiwa na jeni nzuri.

Andaa sahani za petri, kila moja na punje 50 juu ya karatasi yenye unyevu, mfereji wa punje ukielekea chini, kwenye giza la nyuzi 20. Hesabu zilizoota kila siku na uzitoe, kwa siku 7. Ya siku ya kwanza hupata alama 7, ya pili 6, hadi ya saba alama 1. Gawa jumla kwa mara saba ya idadi ya punje hai; jibu likiwa dogo, usingizi ni mzito. Neno “hai” lina uzito hapa. Zilizobaki zitie jibereli, homoni ya mimea inayoamsha mbegu: zikiota, zilikuwa zimelala, zisipoota, zimekufa, na uzitoe kwenye hesabu. Sahani yenye punje zilizooza inaweza kukudanganya kuwa umepata nasaba bora. Kila awamu iwe na nasaba moja inayojulikana kwa usingizi mzito na moja inayoota haraka.

Kwa vinasaba, anza na jeni mbili za usingizi: MFT, iitwayo pia PHS1, kwenye mkono mfupi wa kromosomu 3A, na MKK3 kwenye mkono mrefu wa 4A. Ngano ya mkate ina seti tatu za kromosomu, A, B na D, na jeni moja huwa na nakala zinazofanana mno. Jaribu praima zako, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoshika jeni unayoitafuta, kwenye mimea ya aina ya ngano iitwayo Chinese Spring iliyoondolewa kromosomu husika. Mkanda wa DNA ukitokea huko kwenye kipimo, zinashika nakala nyingine.

Kama umechavusha ngano ya punje nyekundu kwa ya punje nyeupe, rangi itachanganya mambo, kwa kuwa jeni R, zilizo kwenye mikono mirefu ya 3A, 3B na 3D, nazo huongeza usingizi. Usiamini macho pekee: loweka punje kwenye hidroksidi ya sodiamu ya asilimia 5. Nyekundu hugeuka kahawia iliyoiva, nyeupe huwa njano ya majani makavu. Aina ya ngano iitwayo Rio Blanco ni nyeupe na bado inastahimili kuota sukeni, kwa hiyo usitupe nyeupe mapema.

Namba ya anguko, yaani sekunde zinazopita hadi kikorogeo kizame kwenye uji moto wa unga, hupimwa kwa gramu 7 za unga na mililita 25 za maji. Sekunde 60 za mwanzo ni za kukoroga tu, hivyo jibu lililo karibu na 60 linaonyesha wanga umekwisha kukatwakatwa. Lakini zipo nasaba zinazotengeneza amilesi mwishoni mwa kukomaa bila punje kuota, na namba yao hushuka vilevile. Pima masuke yaliyokauka bila kunyeshewa kando ya yale uliyoyanyunyizia maji. Namba ikiwa ya chini hata kwenye makavu, tatizo hilo si la usingizi.