Kula thali kwenye mgahawa wa Kigujarati

Nenda mchana, na njaa yako. Kwenye migahawa midogo ya mboga, kama ile ya Kisutu, Dar es Salaam, thali, yaani mlo kamili wa Kihindi, huja kwenye sinia la chuma lenye vibakuli: dali (mchuzi wa dengu au mbaazi), kadhi (mchuzi wa mtindi), mboga mbili tatu, achari. Nyama usiulize.

Anza na chapati: kata kipande kwa mkono wa kulia, chota mboga. Wali uje mwisho, uumwagie dali (huwa na sukari guru, usishangae utamu). Wengi hukosea hapa: wanajaza wali mapema, chapati za moto zinapita wameshashiba.

Mara nyingi chakula huongezwa bure, ila uliza kwanza. Umeshiba? Funika sinia kwa kiganja. Pilipili ikikuchoma, kunywa mtindi. Maji huusambaza tu ukali.