Namna ya Kuutazama Mchoro wa Frederic Church, "Moyo wa Andes"

Mchoro huu, ambao Mmarekani Frederic Edwin Church aliukamilisha mwaka 1859, una upana wa mita 3 na kimo cha takriban mita 1.7, na anayeutupia jicho mara moja huondoka na mlima na maji tu. Umetundikwa katika Metropolitan Museum of Art, New York. Aliye mbali aifungue picha yake kwenye tovuti ya makumbusho hayo, ambako inawezekana kuikuza sehemu baada ya sehemu.

Kwanza simama mbali, uanze na kilele cha theluji kilicho nyuma upande wa kushoto, yaani Chimborazo ya Ekwado. Kisha yateremshe macho polepole hadi kwenye nyanda, kijiji kilicho kando ya maji, na maporomoko ya katikati. Usiharakishe hapa. Church alivutiwa na maandishi ya mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt, aliyeeleza jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda kutoka joto la bondeni hadi baridi ya kileleni, na ngazi hizo zote alizikusanya katika turubai moja. Kwa hiyo usihangaike kutafuta mahali hasa palipochorwa: alisafiri Amerika Kusini mwaka 1853 na 1857, akarudi na vielelezo vingi vya penseli na rangi, akaviunganisha New York.

Sasa sogea karibu. Watazamaji wa mwaka 1859, ambao wapatao 12,000 walilipa senti 25 kila mmoja, walishauriwa kutumia darubini ndogo. Wewe kunja karatasi iwe kama mwanzi, uchungulie jani kwa jani. Upande wa kushoto ifuate njia hadi kwenye msalaba walipo watu wawili, wadogo mno mbele ya milima, na kwangu hapo ndipo ukubwa wa mandhari unapohisika. Chini yao kuna shina linalomulikwa na jua, ambalo Church amelitia jina lake na mwaka kana kwamba amechonga gome.

Hatimaye rudi nyuma uitazame Chimborazo upya. Humboldt alijaribu kuipanda mwaka 1802 bila kufika kileleni, na Church alitamani sana kuupeleka mchoro Berlin ili mzee huyo auone, lakini Humboldt alifariki Mei 1859, kabla haujasafirishwa.