Alizeti na magugu: wiki za mwanzo ndizo zenye kazi

Alizeti huanza polepole, na magugu huchukua nafasi hapo hapo. Palilia mara ya kwanza wiki 2 hadi 3 baada ya kuota, ukipunguzia miche papo hapo ubaki mmoja kila shimo. Rudia kabla haijatoa vitumba, ukiinulia udongo shinani. Jembe lipite juujuu. Ukichimba kina karibu na shina unakata mizizi. Majani yakishafunga nafasi kati ya mistari, kivuli chake hukusaidia.

Kwenye dawa, tafadhali kuwa makini sana: 2,4-D, dawa ya magugu inayopulizwa kwenye mahindi, huua magugu ya majani mapana, na alizeti ina majani mapana. Hata bomba la kupulizia lililobaki na masalia yake linaweza kuiunguza.