Jinsi ya kuwashukuru wagumu wa Kilimanjaro, bahasha zikawafikia

Shukrani ya mpagazi, au mgumu kama aitwavyo mlimani, huanzia lango la Machame unapoanza kupanda, mizigo inapopimwa. Muulize kiongozi mkuu: wapagazi ni wangapi, mpishi ni nani, viongozi wasaidizi wangapi? Andika majina yote kwenye daftari. Usipoandika, siku ya mwisho utaletewa orodha usiyoweza kuihakiki.

Mzigo anaobebeshwa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na juu yake ana begi lake mwenyewe. Begi lako lisizidi 15. Jinzi na chupa za losheni zibaki Moshi.

Njiani ukisikia hatua nyuma yako, simama upande wa mlima, si wa korongo, umpishe. "Pole na mzigo" inatosha. Usimsimamishe kwa picha akiwa na furushi kichwani. Kusimama na kuondoka tena ndiko kunakomaliza miguu. Na ukifika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, kumbuka hapo hakuna maji: yale ya chai yamepandishwa kwa mabega kutoka bonde la Karanga. Kunawa uso kunatosha.

Sasa bakshishi, au tipu kama wenyewe wanavyosema. Piga hesabu ukiwa bado mjini, kwa sababu mlimani hakuna mashine ya kutolea pesa. Tuseme mko wanne, siku 6, wapagazi 12, na mmekubaliana kila mpagazi apate shilingi 15,000 kwa siku. Huyo ni 90,000. Wote ni 1,080,000. Kila mmoja wenu anatoa 270,000. Mpishi na viongozi hesabu yao iwe kando, na huwa juu zaidi. Chukua noti za 10,000 na 5,000, pamoja na bahasha zenye majina. Mgeni anayelipa kwa dola asilete noti zilizochanika au za zamani, maana wabadilisha fedha huzikataa na hasara inabaki kwa mpagazi.

Kosa kubwa ni kumkabidhi kiongozi bahasha moja "awagawie". Hata akiwa mwaminifu, minong'ono haikosekani. Wakusanye wote kambi ya Mweka, ya mwisho, kabla ya kuteremka langoni, taja kwa sauti kiwango cha kila kundi, soma jina, mpe mkononi. Usisubiri langoni: pale ni vurugu, wengine wameshapanda gari. Chakula kikipungua, baadhi huteremshwa mapema, basi uliza kila jioni nani anashuka kesho, umpe chake. Na anayebeba choo cha hema? Huyo ndiye husahaulika kuliko wote, sijui kwa nini, wakati kazi yake hakuna anayeigombea.

Nguo na viatu ni nyongeza, haviingii kwenye hesabu ya pesa. Toa buti zenye soli nzima na jaketi ambalo zipu yake inafunga, vikiwa vikavu. Vipange mbele yao, wapige kura wenyewe nani apate kipi.