Sola za chini na maji ya masika: anzia mtaro wa juu

Somo hili ni la wenye paneli zilizofungwa chini kwenye fremu, hasa sisi wa Kigoma ambao viwanja vyetu vingi vinateremka kuelekea ziwani. Mvua hufika Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo shika jembe Septemba.

Kwanza, yajue maji yako. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paneli 10 za mita 2 za mraba kila moja, ikinyesha milimita 50, zinamwaga lita 1,000, tena zote kwenye mstari mmoja chini ya ukingo wa paneli. Hapo ardhi huchimbika. Lakini kiwanja cha mteremko kina adui mkubwa zaidi: maji yanayoshuka kutoka kwa jirani wa juu. Mafundi wengi huyasahau.

Pili, chimba mtaro upande wa juu, kama mita 2 kutoka kwenye nguzo, ukikatisha mteremko. Ushuke sentimita 1 kwa kila mita. Ukizidisha sana, maji yatajichimbia korongo. Pima kwa mpira wa maji (mpira mwangavu uliojazwa maji, unaoonyesha usawa), si kwa macho. Udongo uliotoka urundike upande wa chini, ushindilie, panda ukoka. Mwisho wa mtaro uelekeze kwenye migomba au michikichi yako, si kwa jirani wa chini.

Tatu, pale paneli zinapodondoshea maji, kwangua mfereji mpana wa kina cha kiganja, ujaze kokoto kubwa. Mfereji huo usisogelee zege la nguzo.

Nne, waya. Zipite ndani ya bomba, na sanduku la viungio lifungwe juu kwenye fremu, matundu yakitazama chini.

MASWALI YA WANACHAMA

Kasulu: Mwalimu, nikimwaga zege chini ya paneli zote si nitakuwa nimemaliza?
Jibu: Utamaliza hela, ndugu yangu. Zege halinywi maji, yatatoka kwa kasi zaidi. Acha nyasi, uwe unazifyeka.

Urambo: Huku Tabora ni tambarare, udongo wa mbuga. Mteremko nautoa wapi?
Jibu: Wewe usichimbe, inua. Jaza moramu (udongo wenye changarawe), shindilia kwa tabaka, katikati pawe juu kidogo. Udongo wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo nguzo zishuke chini kuliko nyufa za kiangazi, la sivyo fremu itapinda.

Ujiji: Maji yamesimama chini ya paneli sasa hivi na waya umezama. Niingie niyatoe?
Jibu: Hapana, mama. Zima inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa matumizi ya nyumbani), ukae mbali, uite fundi. Hata ukizima, paneli zinatoa umeme mradi kuna mwanga. Na usingoje usiku ukidhani kumetulia. Waya wa betri bado una umeme.