Ubao wa mashindano: tazama mkia

Mnaotaka kushindana kwa ubao wa kusimama na kupiga kasia hapa Goma, msichague kwa kuangalia upana wa katikati peke yake. Kwenye Ziwa Kivu, upepo ukishapanda, mawimbi mafupi yanakupiga ubavuni, na mara nyingi kinachokuangusha ni mkia, yaani sehemu ya nyuma ya ubao, ukiwa mwembamba. Pima upana wa nyuma, pale unaporudisha mguu wimbi likikusukuma.

Urefu futi 14, sawa. Katikati, asiyezoea achukue sentimita 66 hadi 70. Chini ya 60 tuwaachie mabingwa. Sitaha (sehemu ya juu unaposimama) iliyozama kidogo inashusha miguu karibu na maji, inatuliza sana, ila iwe na matundu ya kutolea maji. Ubao wa kujaza upepo? Ujae mpaka ukaze kabisa. Ukilegea unapinda katikati.

Na ujaribiwe alasiri, si asubuhi ziwa likiwa limelala.