Kabla Hujalipia Kiwanja cha Kujenga Katika Mji wa Pwani

Hati kwanza. Nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukathibitishe jina la mmiliki, ukubwa wa kiwanja, na kama kimewekwa rehani au kina kesi. Nakala ya dalali haitoshi. Mpeleke mpima wako, siyo wa muuzaji, ayatafute mawe ya mipaka moja baada ya jingine. Barabara ya kuingilia iwemo kwenye ramani. Ukipita kwa hisani ya jirani, siku akijenga ukuta huna njia. Ulizia pia umbali unaotakiwa kutoka mstari wa maji kujaa, maana nyumba iliyovuka huweza kubomolewa.

Hayo wengi wanayajua. Kinachowaponza watu pwani kiko chini ya ardhi.

Binamu yangu alinunua kiwanja kizuri, kimesawazishwa, kikavu kabisa. Alikikagua kiangazi, mchana, maji yamekupwa. Hati safi, mipaka safi, akajenga, akahamia. Mvua zilipokolea zikakutana na bamvua, yaani siku bahari inapojaa kuliko kawaida, maji hayakuingilia mlangoni. Yalipanda kutoka sakafuni. Shimo la choo likajaa maji ya ardhini, uchafu ukarudi bafuni. Haikupita muda ukuta wa sebule ukapasuka kwenye kona ya dirisha, ufa wa kupenya kidole. Fundi alipochimba kando ya msingi ndipo tukaona: juu kifusi, vipande vya matofali na vigae, kimo cha goti, chini yake tope jeusi linalonuka mayai viza, na mizizi ya mikoko bado imo. Palikuwa na hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, likafukiwa, likauzwa kama kiwanja. Tope la aina hiyo hudidimia polepole kwa miaka, upande mmoja zaidi ya mwingine, na kuta hufuata. Wazee wa mtaa walikuwa wanajua. Hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo waulize wazee, kisha chimba. Omba uchimbe shimo la mita 2 kwenye pembe iliyo chini zaidi. Chagua siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, wakati wa bamvua, na ikiwezekana msimu wa mvua. Liache shimo wazi, lizungushie uzio, usiteremke ndani kwa sababu mchanga huporomoka. Litazame bahari ikijaa na ikipwa. Maji yakisimama karibu na uso wa ardhi, au ukikuta tope jeusi, usilipe chochote kabla mhandisi hajaliona. Muuzaji akikataa shimo, achana naye.

Kisima nacho kinahitaji macho. Karibu na bahari maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi humo humo ardhini: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Mtaa mzima ukivuta kwa pampu, ile mita moja inashuka na chumvi inapanda. Pima maji ya visima vya jirani mwishoni mwa kiangazi, si baada ya mvua.

Mchanga wa ufukweni usiutumie kwenye zege. Chumvi huozesha nondo, kutu huvimba, zege hupasuka. Nondo zifunikwe kwa zege ya milimita 50 angalau.

Tembea ufukoni uone kama kuna miti iliyoanguka mizizi ikiwa nje. Hapo ardhi inaliwa. Bahari yenyewe ilipanda wastani wa sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018, na bado inapanda. Angalia maji ya mvua yanaelekea wapi. Uliza umeme, uliza maji, uliza kwa nini mmiliki wa kwanza aliuza. Fedha zipitie benki, mkataba usainiwe mbele ya wakili, na mwenza wa muuzaji awepo. Ukiambiwa kuna mnunuzi mwingine anakuja jioni na fedha taslimu, mwache aje.